Nakala za Akiba za Taarifa za Wagonjwa: Usimamizi wa Pamoja katika Hospitali Yenye Matawi Mengi

Utangulizi

Kwa miaka mingi jalada la mgonjwa lilikuwa kitu cha kushikika. Lilikaa kwenye rafu ya chumba cha kumbukumbu, lilibebwa na mhudumu hadi kliniki, na likipotea, lilikuwa limepotea jalada la mtu mmoja. Leo, katika hospitali nyingi za rufaa, usajili, majibu ya maabara, picha za radiolojia, dawa zilizoandikwa na malipo vimo ndani ya mfumo wa kompyuta. Daktari wa tawi moja husoma kilichoandikwa na mwenzake wa tawi jingine bila kusubiri gari. Hata hivyo, mfumo huo ukianguka, majalada yote hufungwa kwa wakati mmoja.

Baadhi ya taarifa zilizofungwa huweza kupatikana upya. Shinikizo la damu hupimwa tena, na wingi wa damu hupimwa tena. Nyingine hazipimiki. Mgonjwa aliyewahi kuchangiwa damu akatengeneza kingamwili dhidi ya chembe nyekundu za wengine, huenda baada ya miaka kingamwili hizo zikafifia hata kipimo kisizione. Akiongezwa damu isiyomfaa, mwili wake hukumbuka na kuishambulia. Aliyetibiwa saratani kwa doxorubicin ana jumla ya dozi aliyokwisha kupokea maishani, na jumla hiyo ikizidi, moyo hudhurika. Hakuna kipimo cha damu kitakachoirudisha hesabu hiyo. Inaishi katika kumbukumbu tu.

Kwa sababu hiyo, nakala za akiba haziwezi kuachwa ziwe shughuli ya mafundi wa kompyuta peke yao. Makala haya yanaeleza jinsi nakala za mifumo ya hospitali yenye matawi mengi zinavyosimamiwa kutoka mahali pamoja, hatari iliyofichika katika usimamizi huo, na wajibu wa watabibu, wauguzi, wataalamu wa maabara na wafamasia katika jambo hili.

Mashine pepe ni nini

Zamani kila mfumo ulihitaji kompyuta yake kubwa, yaani seva: moja ya maabara, moja ya duka la dawa, moja ya malipo. Siku hizi seva moja yenye nguvu hugawanywa kwa programu maalumu ikawa na kompyuta kadhaa ndani yake. Kila moja hujiona ina kichakato, kumbukumbu na diski yake, ingawa kwa hakika zote hutumia chuma kimoja. Kompyuta hizo huitwa mashine pepe.

Kwa upande wa hifadhi, mashine pepe ina sifa moja kubwa: yote nzima, pamoja na mfumo endeshi, programu na taarifa zake, ni mafaili machache tu. Mafaili hayo huweza kunakiliwa, kusafirishwa hadi tawi jingine na kuwashwa juu ya seva tofauti kabisa. Seva ikiungua, si lazima kutafuta nyingine ya aina ileile na kuanza kusakinisha programu moja baada ya nyingine. Nakala ya mashine pepe huwashwa ilivyokuwa.

Nakala hutengenezwa vipi

Programu ya nakala huiagiza seva ichukue picha ya hali ya mashine pepe katika dakika fulani, kisha hunakili kilichomo wakati mashine yenyewe ikiendelea kufanya kazi. Mara ya kwanza hunakiliwa yote. Baada ya hapo hunakiliwa vile vipande vya diski vilivyobadilika tu.

Kuna jambo moja la kuangaliwa hapa. Kama picha ikichukuliwa wakati hifadhidata ya maabara iko katikati ya kuandika, nakala itafanana na fomu iliyopigwa picha kabla muuguzi hajamaliza kuijaza: jina limo, namba imo, jibu halijaandikwa. Programu nzuri kwanza huiarifu hifadhidata imalize kuandika na itulie kwa muda mfupi, ndipo picha ichukuliwe. Mpangilio huo huhitaji kuwashwa kwa makusudi. Hospitali inayotaka uhakika huuliza kwa kila mfumo wenye hifadhidata: je, nakala zake huchukuliwa hifadhidata ikiwa imetulia?

Kwa nini kusimamia kutoka mahali pamoja

Hospitali yenye makao makuu na matawi manne, ikiacha kila tawi lijitengenezee nakala kwa utaratibu wake, hujikuta na taratibu tano. Tawi moja hunakili kila usiku; la pili hunakili kila Ijumaa; la tatu lilikuwa na fundi aliyehama, na tangu hapo diski ya nje imejaa wala hakuna aliyejua. Usimamizi wa pamoja huweka ratiba moja, orodha moja ya mashine zote pepe, na ubao mmoja unaoonyesha kila asubuhi nakala ipi imefaulu na ipi imeshindwa. Mashine mpya ikiwashwa katika tawi lolote, huonekana mara moja kuwa haina nakala.

Kusimamia mahali pamoja, hata hivyo, si sawa na kuhifadhi mahali pamoja. Hesabu ndogo yatosha kulionyesha hilo. Tuseme mashine pepe ya radiolojia ya tawi ina terabaiti 1, na njia ya mtandao kati ya tawi na makao makuu hupitisha megabiti 100 kwa sekunde. Terabaiti 1 ni megabiti milioni 8. Kuzipitisha zote huchukua sekunde 80,000, yaani zaidi ya saa 22, hata kama njia haina shughuli nyingine. Mabadiliko ya siku moja yenye gigabaiti 20 hupita kwa takriban dakika 27.

Maana yake ni kwamba kupeleka mabadiliko makao makuu kila usiku kunawezekana, lakini kuirejesha mashine nzima kutoka makao makuu kwa njia hiyohiyo hula karibu siku nzima. Kwa hiyo kila tawi huwekewa nakala ya karibu, kwa ajili ya kurejesha upesi, na nakala ya pili hupelekwa mbali, kwa ajili ya msiba mkubwa.

Hoja hiyo ina uzito wa pekee Afrika Mashariki. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na huduma ya intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Hospitali ambayo nakala zake zote ziko ng'ambo ya bahari, siku kama hiyo inazo lakini haiwezi kuzifikia.

Moto wa Strasbourg na uvamizi wa Ireland

Mwaka 2021 yalitokea matukio mawili yanayofundisha mambo mawili tofauti.

La kwanza ni moto. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi, jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea, na jengo la jirani likaungua kwa sehemu. Wapo wateja waliokuwa wametengeneza nakala kila siku kwa uaminifu, lakini nakala hizo zilikuwa zimewekwa palepale zilipokuwa seva zao. Moto uliochukua asili ulichukua na nakala.

La pili ni uvamizi. Ijumaa ya tarehe 14 Mei, shirika la umma la huduma za afya la Ireland, HSE, lilizima mifumo yake baada ya wahalifu kuyafunga mafaili yake kwa msimbo na kudai fedha. Picha za mionzi na majibu ya maabara havikupatikana kwa njia ya kawaida, na tiba ya mionzi kwa wagonjwa wa saratani iliathirika. Hospitali ya uzazi ya Rotunda, mjini Dublin, iliahirisha kliniki za nje isipokuwa kwa wajawazito waliofikia wiki ya 36 na kuendelea. Serikali haikulipa, tarehe 20 Mei wahalifu wenyewe walitoa ufunguo wa kufungulia mafaili. Hata ufunguo ulipopatikana, kazi ya kurejesha mifumo iliendelea hadi Septemba.

Uchunguzi huru uliochapishwa Desemba mwaka huohuo ulionyesha kwamba wavamizi waliingia tarehe 18 Machi, baada ya mfanyakazi mmoja kufungua faili lililoambatishwa kwenye barua pepe. Walikaa ndani ya mtandao wiki nane kabla ya kufunga chochote. Uchunguzi ulieleza pia kwamba nakala zilihamishiwa kwenye mikanda ya nje ya mtandao kwa vipindi tu, na kwamba bila ule ufunguo huenda sehemu ya taarifa isingepatikana tena.

Moto unafundisha kuhusu mahali: nakala isikae jengo moja na asili. Uvamizi unafundisha kuhusu mamlaka: nakala isiweze kufutwa kwa nywila ileile inayoendesha mfumo. Hapa ndipo ilipo hatari ya usimamizi wa pamoja. Kituo chenye uwezo wa kuamrisha nakala za matawi yote kina uwezo pia wa kuzifuta zote. Mvamizi akiishika nywila ya msimamizi mkuu, kazi aliyorahisishiwa msimamizi ameirahisishiwa na yeye.

Kinga zake zinajulikana. Mpigapicha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni iitwayo 3-2-1: kuwe na nakala tatu za taarifa, katika aina mbili za vyombo vya kuhifadhia, na moja iwe mbali na mahali pa kazi. Kwa hospitali ya leo yafaa yaongezwe mambo matatu. Nakala moja iwe imetengwa kabisa na mtandao, au iwe katika hifadhi isiyoruhusu kufuta wala kubadili kabla ya muda uliowekwa kwisha. Akaunti za kusimamia nakala ziwe mbali na akaunti za kawaida za hospitali, na kufuta nakala kuhitaji idhini ya watu wawili. Tena, nakala za zamani zitunzwe kwa miezi kadhaa, kwa kuwa mvamizi aliyekaa wiki nane atakuwemo ndani ya nakala za wiki nane.

Vipimo viwili vinavyoamuliwa na watabibu

Kila mfumo una maswali mawili. La kwanza: mfumo ukianguka, ni saa ngapi za taarifa zinaweza kupotea bila kumdhuru mgonjwa? Jibu lake huamua nakala itengenezwe kila baada ya muda gani. La pili: mfumo unaweza kukosekana kwa saa ngapi? Jibu lake huamua nakala iwekwe karibu kiasi gani na iwashwe kwa njia gani.

Fundi wa kompyuta hana namna ya kuyajibu maswali haya peke yake. Asiposaidiwa, ataipa mifumo yote ratiba moja, au ataupa kipaumbele mfumo wa malipo kwa sababu wahasibu ndio wa kwanza kupiga simu. Mtabibu ndiye ajuaye kwamba benki ya damu haiwezi kupoteza hata saa moja ya taarifa, kwamba kitengo cha dawa za saratani huweza kusimama saa chache lakini hakiwezi kupoteza dozi hata moja iliyoandikwa, na kwamba takwimu za mwezi zinaweza kusubiri wiki.

Kigezo chepesi ni kile kilichotajwa mwanzoni: taarifa isiyoweza kupimwa upya ndiyo inayostahili nakala za mara kwa mara zaidi. Kila idara iandike orodha ya taarifa za namna hiyo na kuikabidhi kwa kitengo cha TEHAMA kwa maandishi.

Mpangilio wa kurejesha

Mifumo hutegemeana, kwa hiyo haiwashwi ovyo. Huanza huduma inayotambua watumiaji na nywila zao, kwa kuwa bila hiyo hakuna anayeweza kuingia popote. Hufuata hifadhidata, kisha usajili wa wagonjwa, maana jibu la maabara lisilo na namba ya mgonjwa halina mwenyewe. Baada ya hapo huwashwa maabara, benki ya damu na duka la dawa, kisha radiolojia, na mwisho malipo na takwimu.

Mpangilio huu uandikwe na uchapishwe kwenye karatasi. Mwongozo wa kurejesha uliohifadhiwa ndani ya seva iliyoanguka ni sawa na ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba.

Jaribio la kurejesha

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya kompyuta huoza. Mkanda huharibika, diski huchoka, nywila ya msimbo husahaulika, na alama ya kijani kwenye ubao humaanisha tu kwamba kunakili kumemalizika. Nakala isiyowahi kurejeshwa ni matumaini.

Utaratibu unaofaa ni kuchagua kila mwezi mashine pepe moja, kwa zamu kati ya matawi, na kuiwasha kutoka kwenye nakala ndani ya mtandao uliotengwa ili isigongane na mfumo unaotumika. Mashine kuwaka hakutoshi. Mtumishi wa idara husika aingie na kukagua mambo manne: ingizo la mwisho lina saa gani, idadi ya majibu ya siku ya jana inalingana na rejesta, mzio wa dawa na tahadhari za damu zinaonekana kwenye kumbukumbu teule, na picha za radiolojia zinafunguka, si majina yake tu. Muda uliotumika tangu mwanzo hadi mwisho uandikwe, kisha ulinganishwe na saa zilizoahidiwa. Mara moja kwa mwaka ifanyike kwa tawi zima, kama ambavyo hospitali hufanya zoezi la moto.

Saa ambazo hazimo ndani ya nakala

Tuseme nakala ya mwisho ni ya saa 6 usiku na mfumo umeanguka saa 4 asubuhi. Ukirejeshwa, saa 10 hazimo. Hatari ya saa hizo ni kwamba mfumo utaonekana mzima. Dawa aliyopewa mgonjwa alfajiri haitaonekana, na muuguzi mwingine anaweza kumpa tena.

Kwa hiyo mfumo ukirudi, jambo la kwanza ni kutangaza kwa kila wodi saa ambayo taarifa zinaishia. La pili ni kuzikusanya zilizokosekana: mashine nyingi za maabara hutunza majibu ndani yake kwa muda, rejesta za MTUHA zina orodha ya waliohudumiwa, na kitabu cha dirisha la dawa kinaonyesha kilichotolewa. La tatu ni kuingiza kila kitu kikiwa na saa halisi ya tukio, pamoja na jina la aliyeingiza. Fomu za karatasi za dharura, zenye namba za muda zilizokwisha kuchapishwa, zikae wodini siku zote.

Siri ya mgonjwa na nafasi yake

Nakala ya mfumo wa hospitali ni taarifa za wagonjwa wote zilizowekwa pamoja. Mkanda ukiibiwa garini, siri zote zimeibiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, huzipa taarifa za afya ulinzi wa pekee, na kusafirisha taarifa nje ya nchi kuna masharti yake. Nakala zifungwe kwa msimbo, na ufunguo usikae pamoja nazo.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Kadi ya kliniki ya wajawazito, kadi ya mtoto, kadi ya CTC na muhtasari wa kuruhusiwa kutoka wodini ni nakala iliyo nje ya mtandao, ambayo hakuna mvamizi awezaye kuifikia. Mwenye mzio wa dawa, aliyewahi kupata madhara ya kuongezewa damu, au anayetumia dawa za saratani, aombe aandikiwe jambo hilo kwenye karatasi yenye muhuri, na aende nayo kila anapotibiwa. Mtoa huduma asimwambie kwamba si lazima kwa kuwa lipo kwenye kompyuta.

Hitimisho

Usimamizi wa nakala kutoka mahali pamoja huondoa uzembe wa tawi moja moja, lakini nguvu zake ni lazima ziwekewe mpaka: nakala moja iwe mbali, nakala moja isifutike, na kila nakala ithibitishwe kwa kurejeshwa. Uamuzi wa nini kirejeshwe kwanza ni sehemu ya tiba, na anayemjua mgonjwa ndiye mwenye haki na wajibu wa kuutoa.

Maswali ya kujadiliwa katika kikao cha idara

1. Ni taarifa zipi za wagonjwa wa idara hii ambazo, zikipotea, hakuna kipimo kitakachozirudisha?
2. Nakala ya mwisho ya mfumo wa idara ilirejeshwa kwa majaribio lini, na nani wa idara aliikagua?
3. Mfumo ukianguka leo saa 4 asubuhi, fomu za dharura ziko wapi, na zamu ya usiku inalijua hilo?
4. Ni nani awezaye kufuta nakala zote, na je, anaweza kufanya hivyo peke yake?